Homa ya Saa Nane Usiku

Mwaka jana nilikuwa kibarazani kwa rafiki yangu daktari, Tabata, tunakunywa chai ya tangawizi. Nikamwambia nimepania kuandika juu ya yanayowapata watu baada ya kuchanjwa: homa, paja kuvimba, kidonda cha begani, na yale mazito yanayotokea mara chache mno. Akatua kikombe. "Ndugu yangu, andika habari za Simba na Yanga. Hayo ukiyaandika, kuna mama atayasoma, atamficha mwanawe siku ya kliniki, na surua itamchukua. Wewe utakuwa umeshalipwa, umelala."

Chai ilikuwa yake, nikanyamaza. Leo wino ni wangu.

Na simjibu yeye peke yake. Alichokisema kibarazani ndicho kinachosemwa kwenye semina, redioni na katika vikao vya watu waliosoma na wenye nia njema: maudhi ya chanjo yapo, ni madogo, yanapita, na kuyazungumza hadharani ni kumwaga petroli penye moto. Aliyeugua baada ya sindano apewe panado. Ruhusa ya kusimulia asipewe. Akisimulia, anatiwa fungu moja na wajinga, waoga na wafuasi wa wahubiri. Hoja hii naiita "usiwatishe", kwa kuwa ndilo neno ambalo watetezi wake hulitanguliza.

Nyumba na nguzo zake

Kabla ya kubomoa nyumba ya mtu ni adabu kuizunguka uone nguzo. Hii ina tatu, na zote ni za mninga.

Ya kwanza: chanjo inafanya kazi. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake mpana wa chanjo mwaka 1974, Tanzania ikaanza wake mwaka 1975. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2024 yanasema katika miaka hiyo 50 chanjo zimeokoa maisha ya watu milioni 154, milioni 101 kati yao wakiwa watoto wachanga. Bibi yangu alizaa tisa akazika watatu, wawili kwa surua. Yeye hakuhitaji makadirio.

Ya pili: kisa kimoja hushinda hesabu elfu. Ukisema watoto mia wamechanjwa na mia wamelala salama, hujapata msikilizaji. Ukisema mtoto wa jirani alipelekwa mzima akarudi anaweweseka, mtaa mzima umeshakusanyika, na mwenye duka amefunga ili asikose neno.

Ya tatu ndiyo imara kuliko zote, na wengi wanaoitetea hoja hii hata hawaijui. Hofu yenyewe huumiza. Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi wa majaribio 12 ya chanjo za Uviko-19 yaliyohusu watu zaidi ya 45,000. Miongoni mwa waliodungwa sindano isiyo na chanjo ndani yake, asilimia 35 walilalamika baada ya dozi ya kwanza kwamba kichwa kinauma, mwili umechoka, na mengine ya namna hiyo. Walikuwa wanaumwa kweli. Walichodungwa hakikuwa na sababu ya kuwaumiza.

Hizo nguzo sizigusi. Ninayoipinga ni nyumba iliyojengwa juu yake.

Kwanza: ukimya wanaoulinda haupo

Binti yangu alipotimiza wiki sita tulimpeleka kliniki kwa Penta ya kwanza. Wanaopajua wanapajua: benchi, vitenge, kadi zimepangwa mezani, mizani ya kuning'inia ambayo kila mtoto huilaani kwa sauti ile ile. Nesi alikuwa na watoto arobaini na mikono miwili. Penta paja la kushoto, ya nimonia paja la kulia, matone mdomoni, kalamu kwenye kadi. "Mama, tarehe ya kurudi hii hapa. Anayefuata!"

Saa nane usiku mtoto anawaka. Paja la kushoto limekuwa gumu kama embe bichi. Ukiligusa anapiga ukelele ambao hatujawahi kuusikia kwake. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutoka Korogwe kumtunza mzazi, akasimama mlangoni amejitanda khanga, akauliza: "Baba, huyu mtoto mmempeleka kufanyiwa nini?" Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa nalo. Jirani wa chumba cha pili, aliyekisikia kilio kupitia ukutani, alikuwa na lake. Simu ya mke wangu ilikuwa na majibu kumi, moja la kutisha kuliko jingine.

Sasa niambie ukimya ulikuwa wapi. Wanaosema "usiwatishe" wanadhani wasiposema wao, hakuna anayesema. Homa inasema. Paja linasema. Usiku ule wasemaji walikuwa wengi mpaka wakapishana mlangoni. Aliyekosekana ni mmoja tu, yule anayejua.

Na alikuwa anajua. Penta hukinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina B na kijidudu kimoja kinacholeta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Sehemu ile ya kifaduro ndiyo yenye makeke: karibu nusu ya watoto wanaoipata hupandwa na homa. Nusu! Jambo linalompata mtoto mmoja kati ya wawili si siri ya maabara, ni ratiba. Zingetosha sentensi nne: usiku wa leo atachemka, paja litavimba, mpe dawa ya homa kwa kipimo hiki, ikipita siku mbili au akipata degedege, mlete. Sekunde ishirini.

Nitaambiwa nesi hana hizo sekunde ishirini. Kwa watoto arobaini ni dakika kumi na tatu na ushei, na mimi siwezi kumlaumu mtu aliyesimama tangu saa moja asubuhi. Lakini dakika zilizookolewa mezani hulipwa wiki ya kumi, mama asipotokea. Daftari la kliniki lina jina la mama huyo: mtoro. Mtumishi wa afya ngazi ya jamii atatumwa kumtafuta nyumba kwa nyumba, atatembea nusu siku juani, atamkuta, na mama atamwambia kile kile ambacho angeambiwa yeye kwa sekunde ishirini, ila sasa amekigeuza kuwa shitaka.

Pili: maudhi na madhara

Sikiliza maneno. Mabango na matangazo husema "maudhi madogo madogo". Mtaa husema "madhara". Kati ya maneno hayo mawili pana shimo, na humo ndimo watu wanamoangukia. Kwa mtaa, paja lililovimba siku moja ni madhara, na mtoto aliyepooza ni madhara. Neno moja limebeba unyoya na jiwe. Kwa bango, kilichopo ni unyoya tu, jiwe halijawahi kuwapo duniani. Mtu akikutana na jiwe lake siku moja, anahitimisha kuwa bango lilimdanganya hata juu ya unyoya.

Lakini lugha yetu ilikuwa wazi tangu mwanzo. Chanjo ni kuchanja, kitenzi kile kile cha kuchanja chale na kuchanja kuni. Waliolitoa neno hawakuona haya kusema kwamba kuna wembe, kuna ngozi, na ngozi itauma. Aliyeona haya ni mchoraji wa bango, aliyemweka mtoto anacheka na sindano iko pajani. Mtoto wa namna hiyo angepelekwa hospitali kuchunguzwa.

Halafu hayo "madogo madogo" yamepimwa kwa kipimo cha nani? Homa ya siku mbili ni ndogo kwa mwenye mshahara na ruhusa. Kwa mama ntilie ni siku mbili jiko halijawashwa, mtaji umeliwa, na mteja amehamia kwa mwenzake. Sisemi asimchanje. Nasema gharama ile ni yake, inajulikana, na hakuna aliyempa hata heshima ya kuitaja ili apange Ijumaa badala ya Jumatatu.

Yapo pia mazito, na yana namba zake, ambazo zingeweza kusemwa bila mtu kuzimia. Mzio mkali unaoziba pumzi hutokea kadiri ya mara moja katika dozi milioni, ndiyo sababu ukiambiwa ukae robo saa kwenye benchi usikimbilie daladala. Namba ya namna hiyo ikisemwa mapema ni taarifa. Ikisemwa baada ya tukio ni kujitetea.

Tatu: "hakuna ushahidi"

Hapa ndipo hoja inapojikwaa kwenye kamba iliyoitega yenyewe. Mzazi anasema: mwanangu alichanjwa Jumanne, Jumatano akafa. Anajibiwa kuwa ni sadfa, hakuna ushahidi kuwa ni chanjo.

Mara nyingi jibu hilo ni la kweli, na kwa kuwa watetezi wake hawajisumbui kulieleza, nitawafanyia kazi hiyo bure. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 24 hufa ndani ya mwezi wa kwanza na 33 kabla ya kutimiza mwaka. Kwa hiyo 9 hufa katika ile miezi kumi na moja ya katikati. Chukua watoto 100,000: ni vifo 900 katika siku 335 hivi, karibu vitatu kila siku. Tazama siku zao tatu tu za sindano, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hesabu siku yenyewe na inayofuata, unapata siku sita. Hata bomba lingekuwa na maji matupu, vifo vikitawanyika sawasawa, watoto kama 16 wangekufa ndani ya siku hizo sita, na wazazi 16 wangeapa kuwa ni sindano. Nani angewalaumu?

Basi yule mzazi wa Jumanne na Jumatano huenda amekosea. Swali langu ni dogo: tutajuaje? Sadfa haijulikani kwa kukunja uso. Inajulikana kwa kuandika kila kisa, kuvipanga, kuuliza chupa ilitoka wapi, nani alichanganya, na wangapi wengine walidungwa kutoka chupa ile ile. Anayemkatalia mzazi kusimulia, kisha akatangaza kuwa hakuna ushahidi, amefunga mlango wa zizi na sasa anajisifu kuwa haoni ng'ombe.

Twende Sudan Kusini, kijiji cha Nachodokopele, wilaya ya Kapoeta, Mei 2017. Timu ya chanjo ya surua ilikaa siku nne. Baada yake wakafa watoto 15, wote chini ya miaka mitano, na wengine 32 wakapata homa, kutapika na kuharisha, wakapona. Mtu wa "usiwatishe" angekuwa na majibu tayari: njaa, kipindupindu, sadfa, uvumi wa wafugaji. Wizara ya afya ya nchi ile, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ilichunguza na mwezi uliofuata ikatoka hadharani ikasema yaliyotokea. Bomba moja la sindano lilitumika siku zote nne. Chanjo ilikaa kwenye jengo lisilo na ubaridi. Baadhi ya waliodunga walikuwa watoto wa miaka 12. Chanjo ya surua huja kama unga, na ikishachanganywa na maji yake haifai kuzidi saa sita. Pale ililala ikaamka, mara tatu. Bakteria waliota humo.

Ona kilichofanyika. Kisa cha wazazi kilikuwa sahihi: sindano iliua. Nadharia ambayo wengi wangeijenga juu yake, kwamba chanjo ya surua ni sumu, ilikuwa batili. Vitu hivyo viwili hutenganishwa na uchunguzi, na uchunguzi huanza na mtu aliyesikilizwa. Samoa walijifunza kwa bei kubwa zaidi. Julai 2018 watoto wawili walikufa dakika chache baada ya chanjo ya surua. Ikaja kuthibitika kuwa manesi waliuchanganya unga na dawa ya kulegeza misuli iliyokwisha muda, badala ya maji. Lakini jibu lilichelewa, chanjo ilikuwa imesimamishwa kwa miezi, na wazazi walishajijibu wenyewe. Mwaka uliofuata surua iliingia visiwani ikaua watu 83, wengi wao watoto wadogo.

Sasa kisa kisicho na kosa la mtu. Agosti 1998 Marekani iliidhinisha chanjo ya kwanza ya kirusi cha rota, kiletacho kuhara kwa watoto, jina lake RotaShield. Kufikia Julai 1999, ofisi inayopokea taarifa za wananchi na madaktari ilikuwa na visa 15 vya watoto ambao utumbo wao ulijiingiza ndani ya utumbo. Visa 15 katika nchi ile kubwa! Vingeweza kuitwa sadfa, maana ugonjwa huo huwapata watoto hata bila chanjo. Havikuitwa hivyo. Chanjo ilisimamishwa mwezi ule ule, ikaondolewa sokoni kabla ya mwaka kwisha. Zilizokuja baadaye zililazimika kujaribiwa kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000 ili tatizo hilo likiwapo lionekane. Mojawapo ndiyo yale matone ambayo binti yangu alitiwa mdomoni. Kuyaamini kwangu nimekopeshwa na watu waliotoa taarifa za visa vile 15 na hawakuambiwa wanyamaze.

Na kuna kichekesho ambacho napenda kuwasomea marafiki zangu wa semina. Katika mpango wake wa kimataifa wa chanjo, Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo: nchi ambayo kwa kila watoto wachanga 100,000 haipati taarifa angalau 10 kwa mwaka za matukio baada ya chanjo, mfumo wake wa ufuatiliaji ni dhaifu. Yaani malalamiko yakiwa machache mno, ndipo wataalamu wanapopata wasiwasi. Sisi tukisikia malalamiko sifuri tunapiga makofi.

Nne: shahidi wao kutoka Japani

Watetezi wa ukimya wana shahidi wanayemwita kila kesi, na mimi namkaribisha. Majira ya baridi ya 1974 kuingia 1975, watoto wawili wa Japani walikufa baada ya chanjo yenye kinga ya kifaduro. Habari ikavuma, serikali ikasimamisha. Watoto waliochanjwa wakashuka kutoka kama asilimia 80 hadi 10 mwaka 1976. Mwaka 1979 kifaduro kikarudi na wagonjwa zaidi ya 13,000 na vifo 41. Hofu imeua, wanasema, na wanakunja faili.

Faili lina ukurasa wa pili. Chanjo ile ilitengenezwa kwa vijidudu vizima vya kifaduro vilivyouawa, ndiyo maana ilichemsha watoto. Malalamiko yale yale yaliyoleta balaa ndiyo yaliyowasukuma wanasayansi wa Japani kutengeneza chanjo ya vipande tu vya kijidudu, isiyo na makeke, iliyoanza kutumika mwaka 1981. Miaka ya 1990 Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya zikahamia huko. Wazazi wa kule walilalamikia homa, na baada ya gharama kubwa isiyostahili, homa ikapunguzwa.

Mtoto wa Tabata bado anapata vijidudu vizima. Sababu ni mbili na zote zinasemeka mbele ya watu: ni nafuu zaidi, na kinga yake hudumu zaidi, kwa kuwa ile ya vipande imeonekana kuchuja mapema. Mimi ningeulizwa ningechagua hiyo hiyo. Lakini sikuulizwa, na mama mkwe hakuulizwa. Kwa hiyo tusiambiwe kuwa mama zetu wanatia chumvi. Wanachokisimulia ni tofauti halisi kati ya chanjo ya mwanao na ya mtoto wa binamu yake aliyeko Minnesota, na tofauti hiyo iliamuliwa na watu waliokaa mezani bila wao, wakaondoka bila kuwaachia hata ujumbe.

Tano: lakini hofu huumiza

Nimeahidi kutoikwepa nguzo ya tatu. Ni kweli ukimwambia mtu kichwa kitamuuma, kuna uwezekano kikamuuma. Na ni kweli zaidi: mwaka 2021 watafiti wakiongozwa na Michael Bang Petersen wa Denmark walichapisha jaribio lililofanywa nchini kwao na nchini Marekani. Kuwaeleza watu kasoro za chanjo waziwazi kuliwapunguzia hamu ya kuchanjwa. Sitajifanya sikuliona hilo. Ukweli una bei, na yeyote anayekwambia hauna anakuuzia kitu.

Ila somo halikuishia hapo. Maneno ya jumla ya kubembeleza, yale ya "ni salama, msiwe na wasiwasi", hayakuongeza hamu ya kuchanjwa, na yakawashushia mamlaka za afya imani ya watu. Uwazi uliipandisha imani hiyo na kuwakinga wasisadiki njama. Kwa hiyo muuza ukimya anauza gunia tupu: hapati waliochanjwa zaidi, na amekula akiba ya kuaminiwa ambayo angeihitaji siku ya jiwe.

Sita: waliopewa jukwaa bure

Januari 27, 2021, akiwa Chato, Rais Magufuli aliwaambia wananchi chanjo za Uviko-19 si za kuaminiwa. Julai 24 mwaka huo huo dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen zilitua Dar es Salaam, na Julai 28 Rais Samia akachanjwa hadharani, jambo la ujasiri. Miezi sita, kutoka hakika moja hadi hakika nyingine. Katikati hapakuwa na kiti cha mtu mwenye swali.

Nami nilikuwa nalo. Aprili Marekani ilikuwa imeisimamisha Janssen kwa siku kumi, kwa sababu ya wanawake sita walioganda damu kwa namna isiyo ya kawaida, kati ya dozi milioni 6.8. Nilipofika mezani Agosti nikauliza ninyi mnafuatiliaje hilo. Mhudumu, ambaye pengine alikuwa ameulizwa mambo ya ajabu asubuhi nzima, akanijibu, "Kaka, unachanja au huchanji?" Nikachanja. Usiku nilitetemeka chini ya mablanketi mawili, Dar, nikiwa na soksi. Asubuhi nilikuwa mzima.

Kilichonibaki ni lile jibu lake. Kwa kuwa palikuwa na mtu mwingine wakati ule aliyelijua swali langu vizuri sana na alikuwa na saa mbili za kunijibu kila Jumapili, kwa kipaza sauti. Watu hawaendi kwa wahubiri wa njama kutafuta uongo. Wanakwenda kwa kuwa huko wataulizwa, "Ilikuwaje?"

Saba: na aliyeumia kweli?

Mmoja katika milioni ni namba ndogo mpaka uwe wewe. Tukimwomba mtu abebe hatari ndogo kwa faida ya wote, deni letu kwake haliwi dogo kwa sababu yuko peke yake. Ujerumani Magharibi ililiona hilo mwaka 1961 ikaweka fidia kwa waliodhurika na chanjo. Marekani ilitunga sheria mwaka 1986. Mwaka 2021 COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za Uviko-19, ulianzisha mfuko wa fidia usiomlazimu mtu kwenda mahakamani, kwa nchi 92, Tanzania na Kenya zikiwamo. Niliwauliza watu kumi waliochanjwa kama waliwahi kuusikia. Mmoja aliniuliza ni kampuni gani ya bima.

Huwezi kutangaza fidia bila kukiri madhara, na huwezi kukiri madhara ukiwa umeapa kutowatisha watu. Basi mfuko ukawapo, na wenye haki nao hawakuambiwa. "Usiwatishe" imefika mwisho wake wa kimantiki: imemlinda aliyeumia asijue kuwa anaweza kulipwa.

Kidonda cha begani

Tulirudi wiki ya kumi. Tuliponea kwenye tundu la sindano kuwa watoro. Ilibidi nimsihi mama mkwe siku mbili. Safari hii bega la kulia la binti lilikuwa na kidonda, pale alipodungwa ya kifua kikuu alipozaliwa, kinatoa usaha kidogo. Jirani alishauri majivu. Mama mkwe alishauri mafuta ya nazi na hakuwa anashauri tu.

Nesi alikuwa mwingine, mtu mzima, miwani ameining'iniza kifuani. Akakitazama. "Nani amekipaka mafuta?" Kimya. "Msikipake kitu, msikifunge, msikitumbue. Kitakauka chenyewe kiache kovu. Kovu nalitaka mimi, nitakuja kulikagua." Kisha akatueleza homa ya usiku ule, paja, kipimo cha dawa, na lini tukimbie kurudi. Nilitazama saa: hakumaliza dakika.

Wiki ya kumi na nne nesi alitimiza neno lake. Alimvua mtoto kinguo, akapapasa bega kwa kidole gumba kama mtu anayechagua nyanya, akalipata. Akaandika kwenye kadi. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kando bado na mashaka yake, akashusha khanga begani akaonyesha lake, kovu la chanjo ya ndui, pana kama sarafu, la utotoni.

"Hilo nalo, bibi, liliuma?" nesi akauliza.

"Liliuma!" akasema mama mkwe. "Wiki nzima sikunyanyua mkono. Mama yangu alitaka kumpiga bwana afya kwa mwiko."

Akaanza kusimulia. Akina mama wakasogeza benchi. Hakuna aliyetoka kwenye foleni.